Noti ya Sultani Barahiani na Kibao cha Chapati

Hapo zamani, fedha za karatasi zilipokuwa bado ngeni na watu wakizinusa kabla ya kuzipokea, mwanamke mmoja wa mji wa Ruwazi alisimama katikati ya chumba chake, mwiko mkononi, akamwambia mumewe:

"Nzi! Mkono wako wa kulia unakwenda kukatwa kwa sababu ya nzi!"

"Alinitulia sikioni, Bi Mize," akajibu mumewe kwa unyonge. "Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningemwacha akae! Angekaa mpaka baraza liishe, tungempa na jina!"

Mume huyo aliitwa Shaame, na kazi yake ilikuwa kuchonga vibao vya mti vya kupigia chapa leso. Alikuwa fukara wa kutupwa, tena fundi wa wastani, na yote mawili aliyakiri bila kuulizwa. Kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimepinda kama tangawizi, kwa kuwa siku ya kwanza ya uanagenzi wake alijipiga nyundo, na siku ya pili akajipiga tena pale pale ili, kama alivyosema mwenyewe, ahakikishe kwamba kosa lilikuwa la nyundo.

Basi habari ya nzi ilikuwa hivi. Sultani Barahiani alikuwa anatimiza miaka ishirini katika kiti chake, naye alitaka itolewe noti ya ukumbusho yenye sura yake. Lakini noti zilizotangulia zilikuwa zimemtia aibu. Mafundi walitia ndani ya karatasi alama ya maji, yaani picha ya ndege kanga isiyoonekana mpaka noti iinuliwe kwenye mwanga; waghushi wakaichora picha hiyo kwa samli, nayo ikaonekana vilevile, ila mtu akilipwa ujira wake paka wanamfuata mpaka nyumbani. Mafundi wakapitisha uzi wa fedha katikati ya karatasi; waghushi wakachomoa nyuzi za kofia za zamani. Mafundi wakaandika jina la Sultani na mababu zake kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Waghushi wakatia vitone tu, na ikawa miezi sita hakuna aliyegundua, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anasoma.

Hapo Sultani akakasirika, akaitisha baraza, akasema mbele ya watu wote: "Nataka noti yenye alama ambayo kila mtu wa Ruwazi anaijua, aliyesoma na asiyesoma, mwenye macho na kipofu; lakini asiwepo mtu hata mmoja athubutuye kuiiga. Nani ataifanya?"

Watu wakatazama miguu yao. Ndipo nzi akatua sikioni mwa Shaame, na Shaame akanyanyua mkono kumfukuza. Na katika Ruwazi anyanyuaye mkono barazani amekwisha kuapa. Hakuna kuushusha kwa maneno.

"Yuko mmoja!" akapaza sauti Waziri. "Maulana, mchonga vibao huyu ameahidi. Apewe siku kumi. Asipoweza, mkono ulionyanyuka ndio utakaokatwa."

Shaame alitaka kusema ni nzi, lakini alipotazama, nzi alikuwa amekwisha kuondoka zake.

Ndiyo sababu Bi Mize alikuwa na mwiko mkononi.

"Na mkono wenyewe wa kazi gani?" akaendelea, akiuelekeza mwiko mlangoni. "Mlango huu una ubao uliovunjika tangu masika, hujautengeneza. Kibao changu cha chapati ulikitoboa kwa patasi ukitafuta pa kujaribia makali, na tangu siku hiyo kila chapati inatoka na kinundu katikati. Majirani wananiuliza kama ni mtindo wa kwetu!"

"Basi hutausikitikia sana, mke wangu."

Bi Mize akaweka mwiko chini. Akaketi, akafunika uso kwa upindo wa leso, na Shaame akajua kuwa utani wake ulikuwa umefika mahali pabaya. Akatoka taratibu, akaenda kutafuta akili kwa watu wengine, maana ya kwake mwenyewe alikuwa ameipekua na hakukuta kitu.

Akamwendea Mzee Makungu, kipofu aliyekuwa akiuza karanga kwenye ngazi za soko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Shaame. Nimesikia umekuwa mtu mkubwa. Umenyanyua mkono."

"Nilikuwa nafukuza nzi."

"Wakubwa wote huanza hivyo," akasema mzee, akampimia karanga bila kuombwa. "Mimi noti hizi hazinisaidii kitu. Wiki iliyopita mtu alinipa ukurasa wa daftari la mtoto. Nikapeleka kwa muuza unga, akanisomea hesabu za kujumlisha, tena zimekosewa."

Shaame akacheka, kisha akachuchumaa karibu naye. "Mzee, wewe Sultani mwenyewe ungemtambuaje? Akija hapa asiseme neno?"

Mzee Makungu akageuza kichwa huku na huku, kama wafanyavyo hata vipofu wanapotaka kusema jambo la siri. "Siku moja ya Idi alishuka kututia mikononi sadaka. Akainama, nami nikamshika uso kumwombea dua. Mwanangu, nikakuta... karanga."

"Karanga?"

"Punje moja. Imeota pasipo shamba, ubavuni mwa pua." Akashusha sauti kabisa. "Katika mji huu, hata sisi vipofu tumeiona."

Sasa hapa hapana budi kueleza jambo ambalo kwa zama zile lisingeelezwa. Sultani Barahiani alikuwa na chunjua kwenye pua, upande wa kushoto, kubwa kama punje ya mbaazi. Mwaka wa kwanza wa utawala wake mtoto mmoja alimnyooshea kidole, naye kwa soni ya ujana akatia muhuri sheria kwamba yeyote atakayeitamka chunjua ile, au kuiandika, au kuichora, atakatwa kiungo alichotumia. Basi sisi watu wa Ruwazi ndivyo tulivyo: ukitukataza jambo moja tunajikataza mengine tisa kwa wema wetu. Wachoraji walimchora Sultani mwenye pua laini kama yai. Walimu waliruka somo la vilima. Na mpishi wa ikulu aliacha kabisa kupika mbaazi, asije akadhaniwa anadokeza. Ikawa kwa miaka ishirini katika jumba lile mahamri yalinywewa chai, yakaliwa na samaki, hata na ndizi, lakini mbaazi za nazi hazikuvuka kizingiti.

Shaame akarudi nyumbani akitafuna karanga polepole. Alama ambayo kila mtu anaijua, hata kipofu, alikuwa ameipata. Lakini akiichora anakatwa mkono, na asipoichora anakatwa mkono. "Angalau," akajiambia, "kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nimekuwa na hakika ya jambo."

Siku nane zikapita akiwa amekaa mbele ya kipande cha mti. Alichonga kilemba cha Sultani, akachonga ndevu, akachonga karafuu ishirini pambizoni, moja kwa kila mwaka. Pua akaichonga laini kama sheria ilivyotaka. Siku ya tisa asubuhi Bi Mize, ambaye tangu ugomvi ule alikuwa akimsemesha kwa kupitia paka, akamwekea sahani mbele.

"Mwambie baba yako ale," akamwambia paka.

Shaame akachukua chapati. Kidole chake kilichopinda kikapita juu yake, kikakwama kwenye kinundu. Akaitazama kwenye mwanga wa dirisha: kwa macho ilikuwa chapati kama chapati nyingine, lakini kwa kidole ilikuwa na kinundu. Akainuka mbio, akakichukua kibao, akakigeuza. Palipokuwa na kinundu kwenye chapati, kwenye kibao palikuwa na shimo.

"Bi Mize!" akapiga kelele. "Sikuongeza kitu! Nilipunguza!"

"Huyo ndiye baba yako," Bi Mize akamwambia paka. "Na ndivyo akili zilivyomtoka."

Lakini Shaame hakusikia. Alikuwa amekwisha kushika patasi. Kwenye pua laini ya Sultani, upande wa kushoto, akachimba kishimo kidogo kama punje ya mbaazi. Kisha akaenda ikulu, akapewa karatasi yenye alama ya maji na uzi wake wa fedha, akailowesha kidogo, akailaza juu ya kibao chenye wino, akaikandamiza kwa nguvu zake zote na za walinzi wawili. Alipoibandua, Sultani alikuwa anamtazama kutoka kwenye karatasi, mzuri kama bwana harusi. Shaame akafumba macho, akapitisha kidole. Kikakwama.

Siku ya kumi baraza likajaa hadi uani. Mtu wa upanga alikuwa pembeni na gogo lake, amelifuta vizuri, maana alikuwa mtu msafi. Sultani akaishika noti, akaitazama mbele na nyuma, akaiinua kwenye mwanga.

"Ni nzuri," akasema. "Ndege namwona, uzi nauona, karafuu nimezihesabu. Lakini alama niliyoitaka iko wapi, ewe Shaame?"

"Maulana, mtu mjinga akieleza jambo hulizidishia ujinga. Naomba badala yake noti hii apewe mchoraji wako, Ustadhi Sururu, aiige. Apewe siku tatu na kila akitakacho, na umsamehe mbele ya watu wote kwa lolote atakaloiga. Akiweza, mkono wangu huu hapa, tena haujawahi kuwa na thamani kubwa."

Sultani akakubali, akatamka msamaha kwa sauti. Ustadhi Sururu akaondoka na noti akitabasamu, kwa maana katika Ruwazi nzima hapakuwa na fundi aliyemkaribia.

Siku ya tatu akarudi, macho mekundu, na tabasamu halikurudi naye. Noti mbili zikawekwa juu ya sinia. Waziri akazitazama, mtunza hazina akazitazama kwa miwani, hakuna aliyeweza kuzitenganisha. Kanga wawili walifanana mpaka madoadoa.

"Zimelingana," akasema Waziri. "Maulana, fundi huyu ametudanganya. Uletwe mkono."

Shaame akaendea gogo, akalaza mkono wake juu yake. Kidole kilichopinda kilikataa kulala sawa, kama kawaida yake. "Mtu wa upanga," akasema, "ukifika hapo uangalie, hicho huwa kinateleza." Kisha akamgeukia Sultani, na safari hii hakutania. "Maulana, ulisema mwenye macho na kipofu. Wenye macho wamekwisha kusema. Bado kipofu."

Sultani akawaashiria walinzi mlangoni. "Aletwe."

Akaletwa Mzee Makungu na kapu lake la karanga. Akapewa noti ya kwanza, akapitisha kidole, akaitupa kwenye sinia. Akapewa ya pili, akapitisha kidole, akaikunja na kuitia mfukoni.

"Hii ndiyo," akasema.

Waziri akaitoa mfukoni mwake, akazichanganya noti nyuma ya mgongo. Mzee akachagua ileile. Wakazichanganya mara ya tatu, wakamgeuzia na uso ukutani. Akachagua ileile.

"Umejuaje?" akauliza Sultani.

"Maulana, nisamehe mimi mtu mzima. Kidole changu kimejua, lakini kina adabu, hakisemi."

Sultani akamwambia Waziri azipapase na aeleze tofauti. Waziri akapapasa ya kwanza. Akapapasa ya pili, akasita, akapapasa tena, na jasho likamtoka chini ya kilemba.

"Hii ya pili, Maulana... ina... utukufu. Ina utukufu kidogo zaidi."

"Wapi?"

"Upande wa kushoto, Maulana."

Basi Sultani akaichukua noti mwenyewe, akafumba macho, akapitisha kidole gumba juu ya kilemba, juu ya paji, juu ya pua. Kidole kikasimama. Watu wakaona mkono wake wa pili ukipanda polepole, kama wenye njia yake wenyewe, mpaka ukafika puani kwake. Vidole viwili vikakaa hapo, kimoja kwenye karatasi na kimoja kwenye nyama, vikilinganisha.

"Shaame," akasema bila kufumbua macho.

"Labeka, Maulana."

"Umechora chunjua yangu."

Neno lile halikuwa limesikika ndani ya jumba lile kwa miaka ishirini. Mpishi aliyekuwa mlangoni akaangusha birika. Mtu wa upanga akakohoa, kisha akajuta kukohoa.

"Sikuichora, Maulana. Kibao changu hiki hapa. Tazama puani, mna kishimo tu. Sheria inakataza kutamka, kuandika na kuchora; kishimo haikukitaja. Nilitoa, sikutia. Karatasi yenyewe ndiyo iliyovimba. Na usidhani ni akili yangu. Ni kosa nililolifanya kwenye kibao cha chapati cha mke wangu, nikalirudia, kwa kuwa ndilo kosa pekee ninaloweza kulifanya mara mbili kwa ufasaha."

"Na hilo la kwamba hakuna athubutuye kuiiga?"

"Muulize Ustadhi Sururu, Maulana. Ulimsamehe mbele ya watu wote. Alikuwa na ruhusa ya kuiga kila kitu."

Sultani akafumbua macho, akamtazama mchoraji. "Hukuihisi?"

Ustadhi Sururu akapiga magoti. "Niliihisi usiku wa kwanza, Maulana. Siku mbili nikajaribu kujishawishi kwamba ni mchanga."

Hapo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Mabega ya Sultani yakaanza kutikisika. Watu wakadhani analia, wengine kwa tahadhari wakaanza kulia pia. Kumbe alikuwa anacheka, na alipoanza hakuweza kujizuia, akacheka mpaka kilemba kikamlalia sikioni.

"Enyi watu," akasema akifuta macho, "mnajua mimi nilikuwa nadhani nini? Mwaka wa kwanza nilitia sheria ile. Mwaka wa pili hakuna aliyeitaja. Mwaka wa tatu nikitazama picha zangu siioni. Nikasema, alhamdulillahi, imepona! Nikatazama kwenye kioo nikaiona, nikaamuru wauza vioo watozwe faini kwa bidhaa mbovu!"

Ndipo baraza lote likacheka, kwanza kwa woga, kisha kwa kweli, na Mzee Makungu akacheka kuliko wote kwa kuwa alikuwa ameanza kucheka moyoni tangu Idi ile.

"Na mbaazi?" Sultani akauliza ghafla, akimtazama mpishi. "Miaka ishirini sijaona mbaazi. Nilidhani zimetoweka nchini. Niliwaombea wakulima!"

Mpishi akaenda zake jikoni mbio.

Lakini Waziri, aliyekuwa bado analowa jasho, akasema: "Maulana, sheria hii ukiifuta, kila mghushi atathubutu. Na usipoifuta, noti itabaki salama, ila..."

"Ila sitakula mbaazi," akamalizia Sultani, na uso wake ukawa na majonzi ya kweli. "Shaame, unasemaje? Noti au mbaazi?"

Shaame akajikuna kichwa kwa mkono wake wa kulia, akifurahi kuuona bado upo wa kujikunia. "Maulana, noti ya ukumbusho watu wataikunja na kuiweka sandukuni, mbaazi huliwa kila asubuhi. Tena, nisamehe, umri ukizidi vitu hivi navyo huongezeka. Chunjua ya leo siyo ya mwakani. Toa noti mpya kila mwaka, na kishimo kipimwe upya. Mghushi atakuwa nyuma mwaka mmoja daima, isipokuwa aje akuombe apime puani mwako."

"Na nani atapima?"

"Mtu asiye na haya, Maulana. Anayejua makosa yake mwenyewe hacheki ya mwenziwe sana."

Basi sheria ikafutwa siku ile ile, na Shaame akawekwa kuwa fundi wa noti za Ruwazi, kila mwaka aende ikulu na uzi wake akapime, na kwa kazi hiyo akapewa mshahara wa kudumu. Mzee Makungu akawekwa mlangoni mwa hazina kuwa mpapasaji, na karanga zake zikanunuliwa zote. Sultani akamfungashia Shaame kikapu cha mbaazi mbichi, akasema: "Mpelekee mwenye kibao."

Shaame akaenda nyumbani jua likiwa bado juu. Alikuta mlango umefungwa kwa komeo. Akabisha.

"Kama mmeuleta mkono," sauti ya Bi Mize ikatoka ndani, imekauka kwa kulia, "uwekeni hapo nje, mwende zenu."

"Ni mimi, Bi Mize. Ni Shaame."

"Sauti huigwa."

"Nimekuja na mbaazi."

"Mbaazi kila mtu anazo."

Shaame akatazama mlango. Pale palipovunjika ubao tangu masika palikuwa na tundu la kupita mkono. Akaweka kikapu chini, akapitisha mkono wake wa kulia mpaka kiwiko, akangoja. Kisha akahisi mikono miwili ikimshika. Ikamhesabu vidole kimoja kimoja, kuanzia kile kidogo, polepole, mpaka ikafika kwenye kidole gumba. Hapo ikasimama, ikakipapasa pale kilipopinda, ikarudia, ikarudia tena. Tone la moto likamdondokea kiganjani.

Komeo likalia. Mlango ukafunguka kidogo, na Bi Mize akasema:

"Ingia, mume wangu. Kidole kibaya kama hiki hakuna mtu duniani angethubutu kukiiga. Na huyo nzi wako umwache huko huko nje."